Mguu Mweusi na Maji ya Kisima

Ninayo katika sanduku langu la karatasi nakala ya makala moja ya kitabibu iliyochapishwa Marekani mwaka 1977. Mwandishi wake ni Daktari Tseng Wen-Ping wa Taiwan. Kurasa zake si nyingi, na sehemu kubwa ni majedwali. Mimi si daktari. Nilikuwa mwalimu wa hesabu na baiolojia katika shule ya sekondari, na makala hiyo nilipewa na rafiki yangu aliyekuwa akisomea mambo ya afya ya jamii, kwa kuwa alijua napenda takwimu zilizopangwa vizuri. Sikujua wakati huo kwamba siku moja ningeitumia vibaya. Katika sura hii nataka kuihakiki kama mtu anavyohakiki riwaya au diwani: inasema nini, inathibitisha nini, na imenyamaza wapi. Na kwa kuwa mhakiki naye hana budi kuhakikiwa, nitaeleza pia namna nilivyoisoma mara ya kwanza.

Kwanza msomaji apate kuijua nchi yenyewe. Kusini-magharibi mwa kisiwa cha Taiwan, kando ya bahari, kuna tarafa za Beimen, Xuejia, Budai na Yizhu. Ni nchi tambarare ya mashamba ya chumvi na mabwawa ya samaki, na zamani wenyeji wake wengi walikuwa maskini walioishi kwa viazi vitamu. Visima vifupi vya huko vilitoa maji ya chumvichumvi yasiyonyweka. Kwa hiyo tangu miaka ya 1910 na 1920, wakati Taiwan ikitawaliwa na Wajapani, watu walianza kuteremsha mabomba chini sana, mita mia moja na zaidi, mpaka wakayafikia maji matamu. Ilikuwa neema. Maji yalikuwa safi kwa macho, na hayakuwa na chumvi ile.

Lakini ndani yake mlikuwa na aseniki. Hakuna mtu aliyeitia humo. Ilitoka katika udongo na miamba ya chini, ikayeyuka polepole katika maji yasiyopata hewa. Aseniki iliyomo katika maji haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kuyachemsha hakusaidii kitu. Maji hupungua kwa mvuke na sumu ikabaki palepale, tena kwa wingi zaidi katika kila kikombe. Hilo ni jambo la kuwasikitikia wale akina mama waangalifu waliochemsha.

Baada ya miaka mingi ya kunywa, baadhi ya watu walianza kupata ganzi na ubaridi katika vidole vya miguu. Kisha yalikuja maumivu wakati wa kutembea, halafu maumivu ya usiku yasiyompa mtu usingizi. Kidole kiligeuka rangi, kikawa cheusi, kikaoza. Mara nyingine kilianguka chenyewe, mara nyingine daktari alilazimika kukata mguu chini ya goti au juu yake. Wenyeji waliuita ugonjwa huo kwa jina lisilozunguka: mguu mweusi. Mishipa inayopeleka damu miguuni ilikuwa imenenepa kuta zake na kuziba. Wapo waliosema ni laana, na familia nyingine zilimficha mgonjwa wao ndani kwa aibu na kwa harufu.

Hayo ndiyo Daktari Tseng na wenzake waliyoyaendea. Hawakukaa hospitalini kungoja wagonjwa waje. Walikwenda katika vijiji 37, wakawapima watu 40,421, na matokeo ya kwanza wakayachapisha mwaka 1968. Walikuta saratani ya ngozi kwa watu 10.6 katika kila elfu, na mguu mweusi kwa watu 8.9 katika kila elfu. Kisha waliyapanga maji ya visima kwa madaraja matatu: yenye aseniki chini ya miligramu 0.30 kwa lita, yenye 0.30 hadi 0.59, na yenye 0.60 na kuendelea. Ili msomaji aelewe ukubwa wa namba hizo, kiwango cha Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1993 ni miligramu 0.01 kwa lita. Daraja la juu la Tseng linaanzia mara sitini ya hapo.

Naupenda ufundi wa jedwali lile. Ukilisoma kwenda chini, umri unaongezeka na ugonjwa unaongezeka. Ukilisoma kwenda kando, aseniki inaongezeka na ugonjwa unaongezeka. Ngazi mbili zinapanda pamoja, wala hakuna mahali zinapokwaana kwa namna ya kumfanya mtu akune kichwa. Pembeni limewekwa kundi la kulinganishia, watu 7,500 wa sehemu ambazo maji yao yalikuwa na aseniki kidogo mno. Kati yao hakuonekana hata mmoja mwenye saratani ile wala mguu mweusi.

Hata hivyo hoja iliyonivutia kuliko zote haimo katika ngazi zile. Tuseme magonjwa hayo mawili hayana uhusiano wowote. Saratani ya ngozi inampata mtu mmoja katika kila mia, na mguu mweusi unampata pungufu kidogo ya mmoja katika kila mia. Je, ni wangapi watapatwa na yote mawili kwa bahati mbaya tu? Piga hesabu, nami nimewapa wanafunzi wangu zoezi hili mara nyingi: katika watu elfu arobaini utapata kama wanne. Tseng alipata 61. Na saratani ya ngozi, pamoja na ule ugumu wa viganja na nyayo unaoitangulia, tayari ilijulikana kuwa alama ya aseniki, kwa sababu ilikuwa imeonekana kwa watu waliowahi kutibiwa kwa dawa zenye aseniki. Kwa hiyo mguu mweusi ulikutwa umeshikana mikono na jamaa ambaye ukoo wake unafahamika.

Hapo ndipo niliposema moyoni, kesi imekwisha. Miaka mingi baadaye, nikiisoma tena kwa macho makavu, niliona kwamba hoja hiyo ni nzuri lakini si nzuri kiasi kile. Magonjwa yote mawili huongezeka na umri. Wazee wana nafasi kubwa ya kupata hili na nafasi kubwa ya kupata lile, basi hata kama hayana uhusiano, utayakuta pamoja kwa wazee zaidi ya hesabu yangu ya ubaoni. Sehemu ya ile tofauti kati ya wanne na 61 ni uzee tu. Sidhani kwamba ni sehemu kubwa. Tofauti ni kubwa mno kumezwa na uzee. Lakini mwalimu aliyewafundisha watoto zoezi lile kwa miaka kumi bila kulitaja jambo hilo anawiwa samahani.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Aseniki imepimwa kwa kisima na kwa kijiji, ila ugonjwa umehesabiwa kwa mtu. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na visima kadhaa, kimoja kikali na kingine chepesi, na kila mwanakijiji akahesabiwa katika daraja moja na jirani yake ambaye hajawahi kuteka naye. Bibi aliyeolewa kutoka kijiji kingine amekunywa maji gani ujana wake? Mvuvi anayeshinda baharini je? Jedwali halijui. Watu wa viwango vya maji huko Marekani walibishana kwa miaka mingi juu ya jambo hilo, kwa maana namba za Tseng ndizo walizotegemea kukadiria hatari ya maji yao wenyewe, na ubishi wao haukuwa wa kijinga. Watafiti wa Taiwan waliofuata, miongoni mwao Chen Chien-Jen, ambaye baadaye alikuwa Makamu wa Rais wa Taiwan kuanzia 2016 hadi 2020, walijitahidi kuziba pengo hilo. Waliwauliza watu mmoja mmoja wameishi wapi na wamekunywa kisima gani kwa miaka mingapi. Mwaka 1988 wakachapisha ulinganisho wa wagonjwa 241 na watu wazima 759 wenye afya, wakakuta si maji ya visima virefu peke yake, bali pia kuwa na ndugu mwenye ugonjwa huo, na utapiamlo. Mwaka 1996 ukaja utafiti mwingine uliopima shinikizo la damu kwenye kifundo cha mguu na kulilinganisha na la mkono, maana mshipa wa mguu ukianza kuziba, shinikizo la mguuni hushuka hata kabla mtu hajalalamika. Waliokunywa aseniki nyingi zaidi maishani ndio waliokutwa na upungufu huo zaidi, ingawa walikuwa wameacha visima siku nyingi.

Liko pia swali ambalo makala ya Tseng haikuweza kulijibu, nalo ndilo linalonifanya niirudie. Kama aseniki ndiyo inayoleta mguu mweusi, mbona mahali pengine penye aseniki hapana miguu myeusi kama ile? Huko Antofagasta, nchini Chile, watu wa mji mzima walikunywa maji yenye aseniki nyingi tangu 1958 hadi 1970. Mishipa ilidhurika, hata moyo kwa vijana, lakini sura ya ugonjwa haikuwa ile ya Beimen. Huko Bangladesh mamilioni wamekunywa, wengi wamepata ngozi ya madoa na nyayo ngumu, ila donda ndugu la namna ya Taiwan limekuwa adimu. Mwanabiokemia F. J. Lu na wenzake huko huko Taiwan walishikilia kwamba mkosaji, au angalau mshiriki, ni tindikali za mboji zilizomo katika maji yale, vitu vinavyong'aa vikimulikwa kwa mwanga maalumu. Wengine wakasema ni njaa: mwili usiopata protini hushindwa kuitoa aseniki upesi. Inawezekana wote wana sehemu ya haki. Mimi naona kwamba aseniki ndiyo mzigo, na vitu vingine ndivyo vilivyoamua ni mgongo gani utavunjika. Lakini hayo ni maoni yangu ya mwalimu mstaafu.

Sasa nieleze makosa yangu.

Nyumbani kwetu ni kijiji kimoja cha wilaya za kando ya Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, ambako watu wachimba dhahabu. Mwaka 1998 mguu wa kushoto wa baba yangu mdogo ulianza kuwa mweusi kwenye kidole gumba. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mvuta sigara. Kijijini walisema amekanyaga kitu alichotegewa, na mtu wa kumshuku alikuwa amekwisha kupatikana, bibi kizee mmoja asiye na watoto. Msomaji anayejua mambo ya kwetu anajua shuku za namna hiyo huishia wapi. Nilikuwa na haraka ya kumwokoa yule bibi. Nilirudi nyumbani na nakala yangu ya Tseng mkobani, nikaomba nafasi katika mkutano wa kijiji, nikawaambia: ugonjwa huu haukutegwa na mtu, unatoka katika kisima cha pampu mlichochimbiwa miaka sita iliyopita. Nikawatafsiria majedwali. Nikawaonyesha picha ya mguu. Dhahabu na aseniki hukaa pamoja katika mwamba, nikasema, na kisima chenu kimefukuliwa katika mwamba wa dhahabu.

Walinisadiki. Ni jambo la ajabu namna karatasi yenye picha inavyosadikiwa. Bibi yule aliachwa kwa amani, na hilo silijutii hata leo. Lakini mpini wa pampu ulifungwa kwa mnyororo wiki ileile, na watu wakarudi kuteka lambo, wanakonywa ng'ombe. Masika yalipoingia kuhara kulizuka. Mtoto wa jirani yetu, wa miaka miwili, alifariki.

Baba mdogo alipelekwa hospitali mjini, mguu ukakatwa chini ya goti, na huko ndiko ilikogundulika kwamba alikuwa na kisukari cha muda mrefu ambacho hakuna aliyekijua. Kisukari na sigara vilitosha kabisa kuiziba mishipa ile. Maji ya kisima, yalipopimwa hatimaye baada ya mimi kuandika barua nyingi, yalikutwa na aseniki kidogo, chini ya kiwango kilichoruhusiwa. Mnyororo ulifunguliwa. Ulikuwa umefungwa miezi minane.

Shuku yangu haikuwa ya kipumbavu. Karne hii watafiti wamepima maji ya sehemu za migodi katika bonde la Ziwa Victoria, na wamekuta vyanzo vyenye aseniki iliyopita kiwango. Kisima chetu kingeweza kuwa kimojawapo. Kosa langu lilikuwa la usomaji. Tseng alihesabu watu elfu arobaini waliokunywa kwa miongo, nami nikachukua jibu lake na kulivalisha mguu mmoja uliokunywa miaka sita. Jedwali linaloeleza kijiji halielezi mtu. Nilikwisha kulisema hilo darasani mara mia. Makala ingenitosha kama sababu ya kudai maji yapimwe kesho yake asubuhi, na mkojo wa baba mdogo nao upimwe sukari, kipimo ambacho hata zahanati ndogo huweza kukifanya.

Tena liko jambo lisiloonekana katika safu zile za namba, nalo ndilo lililoniponyoka kabisa. Visima vya Beimen na jirani zake havikufungwa na makala ile. Maji ya bomba yalianza kuletwa katika eneo hilo mwaka 1956, miaka kumi na miwili kabla ya matokeo ya kwanza ya Tseng kuchapishwa, yakaendelea kusambazwa mpaka miaka ya 1970. Watu waliacha kisima kwa sababu walikuwa na mahali pengine pa kuteka, na wagonjwa wapya wakapungua polepole huku wataalamu wangali wanabishana kati ya aseniki na mboji. Ubishi huo uliweza kuendelea bila kumdhuru mtu kwa kuwa bomba lilikuwa limekwisha kutangulia. Mimi nilifunga pampu nikiwa sina bomba la kuwapa. Bangladesh walikutana na shida hiyohiyo kwa ukubwa wa kutisha: visima vya bomba vilichimbwa kwa wingi tangu miaka ya 1970 ili kuwaepusha watoto na kuhara kwa maji ya madimbwi, na aseniki ilipotambuliwa mwaka 1993, haikuwezekana kuwaambia watu warudi kwenye madimbwi yaliyokuwa yakiwaua watoto.

Nikilalamika juu ya makala ile kama mhakiki, basi lalamiko langu ni kwamba imejaa miguu lakini haina wenye miguu. Tseng aliwafuatilia wagonjwa 1,108, akahesabu kwamba nusu yao walikuwa wamekufa miaka 16 baada ya ugonjwa kuanza. Anatupa miaka; hatupi siku. Siku zao zilijulikana na mtu mwingine, Daktari Wang King-ho, mwenyeji wa Beimen, ambaye tangu mwaka 1960 aliwatibu bure wagonjwa wa mguu mweusi katika kliniki iliyofadhiliwa na wamisionari, naye daktari mpasuaji Hsieh Wei alikuwa akisafiri kutoka mbali kuja kuwakata miguu bila malipo, mpaka alipofariki katika ajali ya gari mwaka 1970. Mke wa Wang aliwafundisha wagonjwa kusuka mikeka ili waliokatwa miguu wapate riziki kwa mikono. Miguu mingine ilihifadhiwa katika mitungi ya dawa, na kliniki hiyo sasa ni nyumba ya makumbusho. Wang alifariki mwaka 2014, mzee sana. Kwa ripoti ya kisayansi kukosa mambo hayo si kosa, labda hata ni wajibu. Lakini nadhani kama ningaliisoma ile ya Wang kwanza, nisingalikwenda mkutanoni na picha ya mguu. Ningalikwenda kwa baba mdogo kumwuliza anaamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo.

Alikuwa akiamka mara tano. Aliniambia mwenyewe baadaye, nilipomwuliza, tena kwa mshangao kwamba jambo la aibu kama hilo lingeweza kuwa na maana kwa mtu yeyote.

Aliishi hadi mwaka 2004, akitembea kwa gongo. Hakuwahi kunilaumu. Wazazi wa yule mtoto nao hawakuwahi, na kwao sijui kama ni msamaha au ni kwamba hawakuunganisha mnyororo wa pampu na msiba wao. Sikupata ujasiri wa kuwaunganishia, na huu ndio mara ya kwanza ninaandika. Kila nilipokwenda likizo, baba mdogo alimtuma mjukuu na ndoo pampuni, kisha akanichotea kikombe mwenyewe na kunitazama nikikipokea kwa mikono miwili.

"Haya mwanangu," alikuwa akisema, "karatasi yako leo inasemaje, ninywe au nisubiri?"

Nilikunywa kwanza mimi.